Kifaa Kinachofunguka: Ukarabati na Uboreshaji wa Simu za Mkononi katika Jiji la Arusha na Maeneo ya Mlima Meru

Ikisiri

Makala haya yanajadili iwapo vifaa vya mawasiliano vya mkononi, hususani simu, vinapaswa kuundwa kwa namna inayoruhusu kufunguliwa, kutengenezwa na kuboreshwa baada ya kununuliwa. Mjadala umejikita katika jiji la Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru. Hoja kuu ni kwamba swali hili, ambalo Ulaya na Marekani limejengwa juu ya haki ya mtumiaji mmoja mmoja, linahitaji kuundwa upya linapoletwa katika mazingira ambamo anayefungua simu si mwenye simu bali ni fundi wa mtaani. Makala yanaonesha kwamba sheria na kanuni za Tanzania zimeshughulikia uhalali wa kifaa na uhalali wa fundi, lakini hazijashughulikia umbo la kifaa chenyewe. Inapendekezwa kwamba sharti la kutengenezeka liingizwe katika utaratibu wa kuidhinisha vifaa kabla havijaingia sokoni.

1.0 Utangulizi

Jiji la Arusha limekaa chini ya Mlima Meru wenye kimo cha mita 4,566. Ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kituo cha safari za watalii, na soko la mazao ya wakulima wa Arumeru. Katika mitaa inayozunguka stendi na masoko yake, kama ilivyo katika miji mingine ya Tanzania, meza ya fundi simu ni sehemu ya kawaida ya mandhari. Juu yake huwapo bisibisi ndogo, kifaa cha kulehemu, mita ya kupimia umeme, brashi ya kusafishia, na boksi la simu mbovu zinazochunwa vipuri. Meza hiyo ndiyo kiungo kati ya kifaa kilichoundwa mbali na maisha yanayokitegemea hapa.

Maisha hayo ni mapana. Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, simu imekuwa pia mkoba wa fedha, daftari la kikundi cha kuweka na kukopa, na njia ya mkulima wa nyanya wa Ngarenanyuki kujua bei kabla ya kupakia mzigo. Simu inapokufa, kinachosimama si mazungumzo pekee. Kwa hiyo, swali la iwapo simu inaweza kutengenezwa ni swali la uchumi wa kaya kabla halijawa swali la teknolojia.

2.0 Dhana za Msingi

Lugha ya Kiswahili ina mchango katika mjadala huu. Kitenzi kutengeneza kina maana mbili zinazokaa pamoja bila kugombana: kuunda kitu ambacho hakikuwapo, na kukirudisha katika kazi kitu kilichoharibika. Mtu hutengeneza meza mpya, na hutengeneza meza iliyovunjika mguu. Anayefanya yote mawili huitwa fundi. Msamiati huu haumweki muundaji juu na mkarabati chini. Wote wanashiriki kazi moja ya kukifanya kitu kifae.

Mtazamo huo unakaribiana na ule wa Steven Jackson (2014), anayependekeza kwamba teknolojia itazamwe kwa kuanzia pale inapoharibika na kudumishwa, badala ya kuanzia pale inapobuniwa. Katika ukanda wa Afrika Mashariki, Lara Houston (2013) alichunguza utamaduni wa ukarabati wa simu jijini Kampala na kuonesha kwamba kazi ya mafundi hao ni ya ubunifu na hutegemea mitandao ya maarifa, vipuri na programu inayovuka mipaka ya nchi. Tafiti za namna hii zinaondoa dhana kwamba ukarabati wa mtaani ni dalili tu ya umaskini. Ni mfumo wa maarifa wenye kanuni zake.

Katika makala haya, ukarabati una maana ya kukirudisha kifaa katika uwezo wake wa awali, kwa mfano kubadilisha betri, kioo au tundu la chaji. Uboreshaji una maana ya kukiongezea uwezo ambacho hakikuwa nao, kama vile nafasi kubwa zaidi ya kuhifadhi kumbukumbu au toleo jipya la programu endeshi. Mambo haya mawili mara nyingi hudaiwa kwa pamoja, lakini, kama itakavyooneshwa katika sehemu ya 6.0, hayana uzito sawa.

3.0 Kutoka Betri ya Kuchomoa hadi Simu Iliyofungwa

Simu ya Nokia 1100 iliyotolewa mwaka 2003 ni mfano mzuri wa kifaa kilichofunguka. Kifuniko chake cha nyuma kilitoka kwa kusukumwa kwa kidole gumba, na betri yake ya aina ya BL-5C ilitolewa kwa ukucha. Betri hiyo ilitumika katika modeli nyingi za kampuni hiyo, kisha ikaigwa na watengenezaji wengine hadi kuingia katika redio ndogo. Kwa njia hiyo, bila sheria yoyote kuagiza, umbo la betri moja likawa kiwango cha soko. Duka la kijijini liliweza kuweka aina moja na kuwahudumia wateja wa simu nyingi.

Pamoja na betri hiyo ilikuja chaja ya kobe, yaani kile kibano chenye vidole viwili vya chuma kinachoishika betri yenyewe nje ya simu. Kobe ilikuwa na maana kubwa katika vijiji visivyo na umeme. Mwenye simu aliweza kuiacha betri kwa mwenye sola au jenereta na kubaki na simu yake pamoja na laini yake. Simu za leo zenye betri ya ndani zimekatisha utaratibu huo: anayehitaji kuchajishiwa hulazimika kuacha kifaa kizima, pamoja na fedha, ujumbe na picha zilizomo. Badiliko la umbo la kifuniko limebadilisha pia kiwango cha uaminifu kinachohitajika kati ya majirani.

Betri ya kuchomoa haikuwa salama daima. Mwezi Agosti 2007, Nokia ilitangaza kwamba betri zipatazo milioni 46 za BL-5C zilizotengenezwa na kampuni ya Matsushita zingeweza kupata joto kupita kiasi wakati wa kuchajiwa. Suluhisho lilikuwa kumpa mteja betri nyingine. Simu ilibaki mikononi mwake. Mwaka 2016, Samsung ilikumbwa na tatizo la betri za Galaxy Note 7 kushika moto. Kwa kuwa betri zilikuwa zimefungiwa ndani, ilibidi simu nzima zirejeshwe, na baada ya jaribio la kwanza la kuzibadilisha kushindwa, modeli yote iliondolewa sokoni mwezi Oktoba mwaka huohuo. Matukio haya mawili hayathibitishi kwamba kifaa kinachofunguka hakina hatari. Yanaonesha kwamba hatari ikitokea, kifaa kinachofunguka huruhusu sehemu moja iadhibiwe badala ya kifaa kizima.

4.0 Gharama ya Kifaa Kilichofungwa katika Mazingira ya Meru

Betri za lithiamu huchoka kwa matumizi. Ikiwa betri inabaki na nguvu ya kuridhisha kwa mizunguko 500 ya kuchajiwa, na mwenyewe akamaliza mzunguko mmoja kila siku, uwezo huo utaisha baada ya takribani miezi 16. Ikiwa ni mizunguko 800, baada ya takribani miezi 26. Wakati huo bodi, kamera na kipaza sauti huwa bado vizima. Betri iliyobandikwa kwa gundi nyuma ya kioo huufanya uhai wa simu nzima ulingane na uhai wa sehemu yake dhaifu kuliko zote.

Mazingira ya Meru yanaongeza mzigo huo. Miteremko ya kusini na mashariki hupata mvua nyingi, na ndiko kwenye migomba na kahawa; upande wa kaskazini na magharibi, kuelekea Oldonyo Sambu, ni mkavu na wenye vumbi jingi. Unyevu huozesha miguso ya shaba, na vumbi huziba tundu la chaji na matundu ya sauti. Kwa waongoza watalii na wapagazi wanaopanda mlima, baridi ya juu hupunguza kwa muda uwezo wa betri, na ile iliyokwisha kuchoka huzima kabla ya wakati. Haya si matumizi mabaya ya simu. Ni matumizi ya kawaida ya mahali hapa, ambayo mbunifu aliyeko mbali hakuyaweka mbele alipochora kifaa.

Umbali nao una bei. Mkazi wa kijiji cha mlimani ambaye simu yake imegoma huongeza juu ya ujira wa fundi nauli ya kwenda na kurudi pamoja na siku ya kazi iliyopotea, na pengine siku ya pili ikiwa kipuri hakikupatikana. Kazi ambayo mwenyewe angeifanya nyumbani kwa dakika mbili, kama vile kubadilisha betri, inapohitaji mashine ya hewa ya moto na mkono uliozoea, gharama yake hukua bila kipuri chenyewe kupanda bei hata kidogo. Ndiyo maana swali la ni kazi zipi ziwe za mtumiaji na zipi ziwe za fundi lina uzito zaidi vijijini kuliko mjini.

Ifahamike pia kwamba jamii za eneo hili hazikuanza jana kukipa kitu kilichochakaa uhai wa pili. Katambuga, yaani viatu vinavyokatwa kutoka katika tairi lililokwisha kazi yake, ni ushahidi unaoonekana katika kila soko. Tofauti ni kwamba tairi halina kufuli. Yeyote mwenye kisu na ujuzi anaweza kulikata, ilhali simu ya kisasa inaweza kumkatalia fundi hata kama ana ujuzi na kipuri halisi mkononi.

5.0 Hoja za Kupinga na Uzito Wake

Hoja ya kwanza dhidi ya vifaa vinavyofunguka ni kinga dhidi ya maji na vumbi. Watengenezaji hueleza kwamba gundi na mwili uliozibwa ndivyo vinavyoilinda simu. Hoja hii ina ukweli, na kwa eneo lenye mvua na vumbi haiwezi kupuuzwa. Hata hivyo, kinga hiyo huisha simu inapodondoka na kioo kupasuka, na baada ya hapo gundi iliyokuwa ngao hugeuka kizuizi. Aidha, skrubu na mpira wa kuzuia maji vinaweza kufanya kazi hiyo, kama ilivyo katika saa za mkono na tochi za kuzamia.

Hoja ya pili ni usalama wa mwili. Betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kuwaka. Hatari hii ni kubwa zaidi pale betri laini isiyo na ganda gumu inapong'olewa kwenye gundi kwa bisibisi. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya hatari inayotumiwa kutetea ufungaji imezaliwa na ufungaji wenyewe.

Hoja ya tatu ni wizi na faragha. Simu iliyoibwa hutafuta fundi wa kuifungua, na fundi anayeshika simu ya mtu anashika siri zake. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote katika mazingira ya Tanzania, na haijibiwi kwa kusifu ustadi wa mafundi. Jibu lake liko katika kutenganisha mambo mawili. Kubadilisha namba ya IMEI ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka misingi ya kulinda taarifa za watu. Kubadilisha betri au kioo hakuhitaji lolote kati ya hayo. Kadiri kazi za kawaida zinavyoweza kufanywa mbele ya mwenye simu, bila kuomba nywila yake na bila kuiacha simu usiku kucha, ndivyo faragha inavyolindwa zaidi.

Hoja ya nne ni vipuri bandia. Wapo wanaodai kwamba ukarabati huru hueneza vipuri duni. Lakini kipuri duni hustawi pale kipuri halisi kisipopatikana. Mtengenezaji asiyeuza betri ya modeli yake ya miaka mitatu iliyopita hawezi kulalamika kwamba soko limejaza pengo hilo kwa njia yake.

6.0 Uboreshaji: Ahadi na Mipaka

Wazo la simu ambayo sehemu zake zote zinaweza kuchomolewa na kuboreshwa lilivutia wengi. Google iliendeleza mradi wa Ara, ambamo kamera, betri na kioo vilikusudiwa kuwa vipande vya kupachika, lakini mradi huo ulisitishwa mwaka 2016 bila simu kuingia sokoni. Kampuni ya Fairphone ya Uholanzi ilifanikiwa zaidi kwa kulenga jambo dogo: simu yake ya Fairphone 2 ya mwaka 2015 iliwawezesha wenyewe kubadilisha sehemu kuu kwa zana chache. Funzo linalojitokeza ni kwamba kutengenezeka ni lengo linalofikika, wakati kuboreshwa kwa kila sehemu kuna gharama kubwa ya miunganisho na unene.

Hata hivyo, aina mbili za uboreshaji hazipaswi kuachwa. Ya kwanza ni tundu la kadi ya kumbukumbu, ambalo simu nyingi za bei ya chini zinazouzwa Tanzania bado zinalo, na ambalo humruhusu mwenye simu kuongeza nafasi kadiri ya uwezo wake. Ya pili ni programu endeshi. Simu inaweza kuwa na betri mpya na kioo kizima, lakini ikawa imekwisha kwa upande wa programu. Tangu Januari 2025, WhatsApp imeacha kufanya kazi katika simu zenye toleo la Android 4.4. Hakuna fundi anayeweza kulehemu tatizo la namna hiyo. Hivyo, muda wa kutolewa kwa masasisho ni sehemu ya uhai wa kifaa sawa na betri.

7.0 Sheria: Uhalali wa Kifaa, Uhalali wa Fundi na Umbo la Kifaa

Tanzania imechukua hatua katika maeneo mawili. Kwanza ni uhalali wa kifaa. Tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia katika mitandao yote kwa kutumia rajisi kuu ya namba za IMEI, baada ya wananchi kuelekezwa kupiga *#06# na kutuma namba hiyo kwenda 15090. Pili ni uhalali wa fundi: kanuni za leseni chini ya sheria ya mwaka 2010 zinatambua leseni ya ufungaji na matengenezo ya vifaa vya mawasiliano. Eneo la tatu, yaani umbo la kifaa, limeachwa kwa mtengenezaji. Kodi nayo ilifuata mwelekeo huo. Msamaha wa Kodi ya Ongezeko la Thamani uliotolewa katika mwaka wa fedha 2021/22 kwa simu janja na vishikwambi, na kuondolewa mwaka uliofuata, ulilenga kumwezesha mwananchi kununua kifaa, si kukidumisha.

Umoja wa Ulaya umeanza na eneo hilo la tatu. Kanuni zilizoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025 zinawataka wanaouza simu katika nchi zake kuhakikisha vipuri vinapatikana kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa, na masasisho ya programu endeshi kwa angalau miaka 5. Mtengenezaji anaweza kukwepa sharti la betri kubadilishwa na mtumiaji ikiwa betri yake itabaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 1,000, na simu ikawa imekingwa dhidi ya vumbi na maji. Nchini Marekani, jimbo la Oregon limekwenda mbali zaidi kwa kupiga marufuku, kwa vifaa vipya, utaratibu wa kukioanisha kipuri na bodi kwa programu ili kipuri kingine kisifanye kazi ipasavyo.

Sheria hizi hazihamishiki Arusha kama zilivyo, kwa sababu mbili. Kwanza, simu nyingi zinazouzwa hapa, zikiwamo Tecno, Itel na Infinix za kampuni ya Transsion ya China, zina modeli zinazolenga soko la Afrika, ambazo hazibanwi na kanuni za Ulaya zisipouzwa huko. Pili, kanuni za Ulaya zinamgawa mkarabati katika makundi mawili: mtumiaji wa mwisho, na fundi mweledi anayeweza kuthibitisha ujuzi wake na kuwa na bima ya dhima. Fundi wa meza ya mtaani hayumo katika kundi lolote kati ya hayo. Akihesabiwa kuwa mtumiaji, atapata baadhi tu ya vipuri. Akitakiwa kuwa mweledi kwa vigezo hivyo, atabaki nje ya mlango. Sheria iliyokusudiwa kumpa haki mwenye simu inaweza, ikiigwa bila kupimwa, kumnyang'anya kazi yule anayemtengenezea.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Jibu la swali lililoulizwa mwanzoni ni ndiyo, lakini kwa ngazi. Betri, kifuniko na kadi ya kumbukumbu vinapaswa kuwa kazi ya mwenye simu popote alipo, bila zana maalumu. Kioo, tundu la chaji, spika na kamera vinapaswa kuwa kazi ya fundi mwenye zana za kawaida, bila kuomba ruhusa ya programu kutoka kwa mtengenezaji. Bodi na namba ya IMEI vinaweza kubaki chini ya udhibiti mkali zaidi, kwa kuwa hapo ndipo penye hatari ya wizi.

Ili hilo litekelezeke, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, kwa kuwa vifaa vya mawasiliano huhitaji idhini ya TCRA kabla ya kuingizwa sokoni, ngazi hizo tatu ziwe sehemu ya vigezo vya idhini hiyo, pamoja na kutajwa wazi kwa muda wa masasisho. Pili, utambuzi wa mafundi uanzie kwenye ujuzi walio nao: vyuo vya VETA na Chuo cha Ufundi Arusha vinaweza kupima na kuthibitisha stadi za aliyejifunza mezani, badala ya kumtaka aanze upya darasani. Tatu, soko la nchi moja lina sauti ndogo mbele ya watengenezaji wakubwa, lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria yake ya viwango ya mwaka 2006 na soko linalofika hadi Kongo na Somalia. Kiwango cha pamoja cha kutengenezeka kinaweza kujadiliwa katika jiji hilohilo la Arusha, mwendo mfupi kutoka kwenye meza za mafundi ambao riziki yao inategemea matokeo ya mjadala huo.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Sera za teknolojia zimeuelewa vyema upande wa kwanza wa methali hiyo, kwa kurahisisha ununuzi wa kipya. Kinachosubiri kushughulikiwa ni upande wa pili: kidonda cha kifaa kizima kinachotupwa kwa sababu ya sehemu moja iliyochoka, na cha mwenye kifaa anayelazimika kununua tena kile ambacho tayari alikuwa nacho.